Kibao Kizima Mchana, Kimezimika Usiku

Mtu anayetaka kujua kama pesa aliyoitoa kwenye kibao chake bado inafanya kazi, asubiri giza liingie. Asimame hatua 30 kutoka kilipo kibao, awashe tochi ya simu, aishike ubavuni mwa jicho karibu na sikio, kisha aielekeze kwenye maandishi. Vinili ikiwa ingali hai, herufi zitawaka ghafla kana kwamba kuna taa nyuma yake. Halafu aishushe simu hadi kiunoni, mwanga ukiwa umeelekezwa palepale. Herufi zitafifia papo hapo, ingawa yeye hajapiga hatua mbele wala nyuma.

Kisha amulike kibao cha jirani. Huenda nacho kina herufi nyeupe juu ya kijani, kilitengenezwa mwaka uleule, na mchana vyote viwili vinasomeka bila shida. Lakini usiku kimoja kinawaka na kingine kinabaki bati jeusi.

Vinili ya kuakisi mwanga, ambayo mafundi wengi wa stika huiita riflekta, ina maisha mawili. Kuna maisha ya mchana, ambapo inasomeka kwa rangi yake kama stika nyingine yoyote. Kuna maisha ya usiku, ambapo inasomeka kwa mwanga unaoipiga na kurudi. Haya ya usiku ndiyo anayoyalipia mteja, na mara nyingi ndiyo hutangulia kuisha. Huisha kimyakimya, kwa sababu mwenye duka, mkuu wa shule na mara nyingi hata mkaguzi wa barabara hupita hapo mchana.

Nchini Tanzania jambo hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2023, serikali ilipoondoa katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, katazo lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Kwenye kona za mlima Kitonga mkoani Iringa, au katika kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi ambako tembo na nyati huvuka lami, mishale na picha za wanyama zilizo kando ya njia hazina taa zake zenyewe. Zinaazima taa za gari linalokuja. Siku zikishindwa kuazima, dereva wa basi lenye abiria 50 huzipita bila kujua kwamba zilikuwapo.

Mpira kwenye kona ya chumba

Ukuta mweupe ukimulikwa hutawanya mwanga kila upande. Kioo cha kujitazama huurusha upande mmoja tu, na aliyesimama pembeni haoni kitu. Vinili ya kuakisi hufanya jambo la tatu: huurudisha mwanga ulikotoka. Taa za gari zinapoipiga, mwanga hurejea kwenye gari lilelile, ukiwa umetanuka kidogo tu, kiasi cha kuyafikia macho ya dereva aliyeketi juu kidogo ya taa zake. Ndiyo sababu tochi iliyo karibu na jicho huwasha herufi, na ile ya kiunoni haiziwashi.

Kazi hiyo hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza na ya zamani ni vigololi vya kioo, vidogo kama unga laini, vilivyopangwa kwa wingi juu ya utando mwembamba wa alumini. Kila kigololi huukusanya mwanga, huupiga kwenye ile alumini na kuurudisha. Njia ya pili ni prizimu ndogondogo zilizokandamizwa kwenye plastiki angavu, kila moja ikiwa na umbo la kona ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Mtoto akirusha mpira kwenye kona kama hiyo, ukagonga kuta zote mbili na sakafu, humrudia mwenyewe. Mwanga nao hufanya hivyo hivyo.

Anayedhani hajawahi kumiliki kitu hiki atazame namba ya gari. Namba za Kenya, nyeupe mbele na njano nyuma, ni karatasi ya kuakisi iliyobandikwa kwenye alumini. Herufi nyeusi ndizo zisizowaka. Au atazame ukanda wa fedha kwenye koti la bodaboda. Vigololi vya ukanda huo viko wazi juu, havina kifuniko, na ndiyo maana mvua ikinyesha koti hupoteza sehemu kubwa ya mng'ao wake: maji hukaa mahali pa hewa na kuvuruga njia ya mwanga. Kwenye vinili ya vibao, vigololi hufunikwa kwa tabaka angavu ili mvua isiviguse. Kwa hiyo afya ya maandishi ya nje inategemea sana kifuniko hicho, chembamba kuliko karatasi ya daftari.

Mwanzo wa teknolojia hii una funzo lake. Kampuni ya 3M ya Marekani ilikuwa ikitengeneza karatasi ya msasa, kwa hiyo ilijua vyema namna ya kugandisha chembe kwenye karatasi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, mfanyakazi wake kijana, Harry Heltzer, ambaye baadaye alikuja kuiongoza kampuni hiyo, alishughulikia mkanda wenye vigololi vya kioo wa kubandikwa katikati ya barabara. Mkanda ule uliakisi vizuri, lakini haukustahimili hali ya hewa na magurudumu. Ulibanduka. Ndipo wazo likahamishiwa kwenye alama zilizosimama kando ya njia, na mwaka 1939 alama ya kwanza yenye karatasi ya kuakisi ya kampuni hiyo, iitwayo Scotchlite, ikawekwa karibu na mji wa Minneapolis. Tangu mwanzo, basi, kuakisi hakukuwa tatizo gumu. Tatizo gumu lilikuwa kudumu.

Si kila kinachong'aa ni daraja moja

Dukani, rola zote za vinili ya kuakisi hufanana. Kwenye vipimo zinaachana mbali. Kiwango cha Marekani kinachojulikana kama ASTM D4956, ambacho hutumiwa katika nchi nyingi, huzipanga kwa madaraja kulingana na kiasi cha mwanga unaorudi. Karatasi nyeupe mpya ya daraja la kwanza, ya vigololi, inatakiwa kurudisha angalau vizio 70 katika pembe ya kawaida ya kupimia. Daraja la tatu linatakiwa kufikia 250. Daraja la kumi na moja, ambalo ni la prizimu, linaanzia 580, yaani zaidi ya mara nane ya lile la kwanza.

Tofauti ya uvumilivu nayo ni kubwa. Kiwango hichohicho kinadai kwamba daraja la kwanza likianikwa nje kwa miezi 24 libakize walau nusu ya kipimo chake cha chini. Madaraja ya juu yanatakiwa kubakiza asilimia 80 baada ya miezi 36. Watengenezaji, kwa kawaida, huyapa madaraja ya chini miaka 7 hivi ya kutumika barabarani, na ya juu miaka 10 hadi 12.

Chini ya madaraja hayo yote kuna bidhaa ambazo hazijapimwa kwa kiwango chochote. Zinauzwa kwa mita, hazina jina mgongoni, na zikitoka kwenye plota, ile mashine ya kukata stika, zinang'aa kama nyingine. Hizo ndizo huonekana zimepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi kabla hata rangi ya ukuta wa duka haijachakaa.

Namna plastiki yenyewe ilivyotengenezwa nayo ina neno. Vinili ya bei nafuu hupatikana kwa kuipitisha plastiki ya PVC yenye joto katikati ya rola nzito mpaka iwe nyembamba, kama chapati inavyosukumwa. Unga uliosukumwa hupenda kurudi nyuma, na vinili hiyo ni vivyo hivyo: ikipigwa jua kwa miezi kadhaa hujikunja na kusinyaa, ikiacha mstari wa gundi chafu kuzunguka kila herufi. Vinili ya bei ya juu humiminwa ikiwa majimaji, ikatandazwa na kuokwa polepole. Haikuvutwa, kwa hiyo haina sababu ya kurudi nyuma. Mstari huo mweusi wa vumbi lililonasa kwenye gundi, ambao kila mtu amewahi kuuona kwenye mlango wa gari la kampuni fulani, ni kipimo cha wazi cha namna plastiki ilivyosinyaa.

Jua la juu ya kichwa

Adui wa kwanza ni mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Huvunja minyororo ya plastiki, hukausha vilainishi vilivyotiwa ili PVC isiwe ngumu, na kuifanya ile tabaka angavu iwe ya manjano, kisha yenye ukungu, kisha yenye nyufa nyembamba kama nywele. Mwanga wa gari hulazimika kuipita tabaka hiyo mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Ukungu mdogo ambao mchana hauonekani huukata mwanga huo kote kuwili.

Afrika Mashariki ina jua la aina mbili zenye ukali. Pwani ni jua la joto na unyevu. Nyanda za juu ni baridi, na ubaridi huo hudanganya, kwa sababu mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Kibao cha Nairobi, Kericho au Njombe hakiungui kwa joto, lakini kinapigwa na mionzi mikali kuliko mwenye sweta anavyoweza kudhani.

Mahali kibao kinapotazama pana maana yake pia. Ulaya, kibao kinachotazama kusini ndicho huzeeka upesi, kwa sababu jua lao hukaa upande huo. Karibu na ikweta jua la mchana hukaa juu ya kichwa, likauteleza uso wa kibao kilichosimama wima, wakati asubuhi na alasiri hukipiga usoni kile kinachotazama mashariki au magharibi. Na kinachoumia kuliko vyote ni kile kilicholala: maandishi juu ya boneti ya gari, juu ya paa la ambulensi, au kwenye ubao ulioinamishwa kuelekea mbinguni. Watengenezaji wakubwa wa vinili wanalijua hili. Miaka wanayoiahidi huhesabiwa kwa kibao kilichosimama wima, na huigawa dunia kwa kanda za hali ya hewa. Sehemu za joto kali kama Ghuba na maeneo mengi ya Afrika hupewa miaka michache kuliko Ulaya ya kaskazini. Mteja wa Dodoma au Garissa anayeonyeshwa karatasi ya miaka 7 anapaswa kuuliza ni miaka 7 ya wapi.

Rangi nazo hazizeeki pamoja. Nyeusi hutiwa masizi ya kaboni, na masizi hayajali jua. Buluu na kijani nyingi hutokana na rangi ambazo ni mashuhuri kwa kustahimili mwanga. Nyekundu ndiyo hutangulia kupauka. Kila mtu amewahi kuona bango la zamani ambalo nyekundu imekwisha na buluu peke yake imebaki, nyuso za watu zikiwa na rangi ya mizimu.

Kwenye bango la soda hiyo ni hasara ya sura tu. Kwenye alama ya kusimama yenye pembe nane, ni hatari. Nyekundu ya alama hiyo ni rangi angavu iliyolazwa juu ya karatasi nyeupe inayoakisi. Kazi yake usiku ni kuuzuia mwanga mwingi ili herufi nyeupe zitokeze. Nyekundu ikipauka, uwanja wote huanza kurudisha mwanga karibu sawa na herufi, na neno huyeyuka ndani yake. Kanuni za Marekani zinadai nyeupe irudishe mwanga walau mara tatu ya nyekundu. Ikipungua hapo, alama hubadilishwa hata kama mchana bado inasomeka.

Herufi ni kingo tupu

Watu wengi hudhani vinili hufa kwa kuchakaa juu. Maandishi, hasa, hufa kwa pembeni.

Chukua kipande cha vinili cha mita moja kwa mita moja. Kingo zake zote pamoja ni mita 4. Kikate vipande vyembamba vya sentimita 2, ambao ni unene wa kawaida wa mstari wa herufi kwenye kibao cha duka, na ghafla una zaidi ya mita 100 za kingo. Kila sentimita ya kingo hizo ni mahali ambapo wembe wa plota umepita katikati ya kifuniko, vigololi, alumini na gundi, na kuviacha wazi kama mkate uliokatwa. Maji huingilia hapo. Mvua, umande, maji ya kuoshea gari, yote hunyonywa polepole kutoka pembeni kwenda ndani, na ule utando wa alumini nyuma ya vigololi hupoteza mng'ao wake wa kioo na kuwa wa kijivu.

Dalili yake huonekana kwa karibu. Mtu akisogeza jicho kwenye herufi M iliyo nyuma ya lori, ataona kwamba katikati ya mguu wake vinili ingali ya fedha, lakini kandokando umeota mpaka mweusi wa milimita moja au mbili. Kwenye ncha za juu, pale mistari inapokutana kwa pembe kali, vinili imeinuka kama ukucha, na chini yake pamejaa vumbi jekundu. Usiku, M hiyo huonekana imekonda. Herufi nyembamba hukonda mpaka hazisomeki, ilhali herufi nene za ubavuni mwa lori hilohilo zingali zinawaka.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, chumvi ya bahari huongeza kasi. Huitafuna alumini ya ndani, na kama kibao ni cha bati la chuma, huanza kushika kutu kwenye tundu la skrubu na kwenye kingo, kutu ikavimba na kuinua vinili kutoka chini. Hapo hata vinili ya bei kubwa kuliko zote haina la kufanya, kwa sababu kinachokimbia ni ardhi ambayo vinili imesimama juu yake. Sahani ya alumini, au alukobondi (ubao wa plastiki uliofunikwa kwa alumini) ambayo sasa imeenea kwenye maduka ya vibao, hukwepa balaa hilo kwa kiasi kikubwa.

Zipo njia za kulinda kingo. Fundi anaweza kuviringa ncha za herufi kwenye kompyuta kabla ya kukata, ili pasiwe na pembe kali ya kuinuka. Anaweza kuchagua umbo la herufi lenye mistari minene na lisilo na mikia. Anaweza kupaka kizibo maalumu kwenye kingo pale mtengenezaji anaposhauri hivyo. Na anaweza kugeuza mpango mzima: badala ya kubandika herufi ndogo zinazoakisi juu ya kibao cheusi, afunike uso wote kwa karatasi ya kuakisi na kubandika juu yake herufi nyeusi za kawaida. Hivyo ndivyo namba za magari zilivyo. Kingo za tabaka inayoakisi hubaki nne tu.

Mkono wa fundi

Gundi ya vinili haifanyi kazi kwa kukauka kama ya mbao. Hufanya kazi kwa kukandamizwa, kisha huendelea kushika kwa saa 24 au zaidi kabla ya kufikia nguvu yake kamili. Kila kinachokaa katikati ya gundi na bati huiibia nguvu hiyo: mafuta ya vidole, nta ya kung'arishia gari, vumbi, na rangi mbichi. Rangi iliyopakwa jana huendelea kutoa hewa yake kwa siku kadhaa, na hewa hiyo ikikosa njia huwa malengelenge chini ya herufi. Mteja anayemharakisha fundi apake leo na abandike kesho anajinunulia malengelenge.

Fundi mzuri hujulikana kabla hajabandika herufi hata moja. Huosha uso kwa sabuni, huukausha, kisha huufuta kwa spiriti na kitambaa safi, akipangusa kabla spiriti haijakauka yenyewe na kuacha uchafu ulioyeyuka palepale. Hupima kwa penseli. Huandaa maandishi kwenye karatasi ya kuhamishia, huyashikiza kwa juu, kisha huanza kukandamiza kwa kikwangulio cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Wengi wamezoea kunyunyizia maji ya sabuni ili stika iteleze na kurekebishika kwa urahisi. Kwa vinili ya kawaida njia hiyo inafaa. Kwa vinili ya kuakisi, watengenezaji wengi hushauri kubandika pakavu, maana maji yanayobaki chini yake hayana haraka ya kutoka, na alumini iko palepale ikiyasubiri.

Hali ya hewa ya saa ile ya kubandika nayo ina uzito. Asubuhi ya baridi Njombe mwezi wa Juni, gundi huwa ngumu na haishiki. Afadhali kungoja jua lipashe bati. Saa nane mchana Dar es Salaam, bati huwa la moto kiasi kwamba gundi inanasa inapogusa, na hakuna kurekebisha. Vinili ya kuakisi ni nene na ngumu kuliko ya kawaida, kwa hiyo haipendi kulazwa juu ya ribiti au kwenye migongo ya bati. Ikilazimishwa kufuata bonde la bati, itatii siku hiyo. Baada ya wiki chache itanyooka tena na kuacha daraja la hewa.

Kosa lisiloonekana mchana

Kuna kosa jingine ambalo halihusiani na jua wala gundi, na limeenea tangu mashine za kuchapa mabango zilipofika kila mji. Mteja anaomba kibao cha kuakisi. Fundi anachapa picha nzima kwa wino wa kawaida mzito juu ya vinili ya kuakisi, au anabandika stika nyekundu ya kawaida juu yake. Mchana kibao kinapendeza. Usiku, popote wino mzito au stika ya kawaida ilipokaa, mwanga umezibwa na hakuna kinachorudi. Nyekundu inaonekana nyeusi. Mteja amelipia vinili ya kuakisi, kisha akaifunika.

Rangi juu ya uso unaoakisi inatakiwa iwe angavu, inayopitisha mwanga kama maji ya rosella kwenye bilauri. Kama lengo ni herufi nyeusi, basi stika nyeusi ya kawaida inafaa kabisa, kwa sababu weusi ndio unaotakiwa.

Vumbi, adui wa mwisho

Sehemu ya mng'ao unaodhaniwa umekufa huwa umefunikwa tu. Vumbi jekundu la barabara za changarawe, moshi wa dizeli na tope la masika hutandaza utando unaoukata mwanga mara mbili, kama ule ukungu wa plastiki. Kuna ushahidi kutoka mbali sana. Mwezi Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini sahani yenye prizimu 100 za kioo zenye umbo lilelile la kona ya chumba. Hadi leo wanasayansi huipiga kwa miale ya leza na kupata mwanga unaorudi. Hakuna mvua kule, wala chumvi, wala gundi ya kubanduka. Hata hivyo, vipimo vilivyotolewa baada ya miaka 40 vilionyesha kwamba mwanga unaorudi umepungua takriban mara 10 kuliko ulivyotarajiwa, na mshukiwa mkuu ni vumbi la mwezini.

Tofauti ni kwamba kibao cha Chalinze kinafikiwa kwa ndoo. Maji, sabuni laini na kitambaa vinatosha. Petroli na thina huyeyusha kifuniko, na sponji la chuma hukikwaruza. Mashine ya presha ya kuoshea magari ikielekezwa kwenye ukingo wa herufi kutoka karibu hufanya kwa dakika moja kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka. Mvulana wa kuosha malori akifundishwa kuishika mbali na kuelekeza maji moja kwa moja badala ya ubavuni, mistari ya kuakisi nyuma ya lori itabaki.

Sekunde tatu

Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani hukadiria kwamba kila sentimita ya kimo cha herufi husomeka kutoka mita 3.6 hivi. Herufi ya sentimita 20, kwa hesabu hiyo, huanza kusomeka kwenye mita 72. Gari lililo kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde. Dereva ana sekunde tatu na ushei za kusoma, kuelewa na kuamua. Na hapo macho yawe ya kijana: jicho la mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la mtu wa miaka 20.

Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2008 Marekani iliweka kisheria kiwango cha chini cha mwanga ambao alama ya barabarani inatakiwa kurudisha wakati wote wa maisha yake, na kuzitaka mamlaka za barabara ziwe na utaratibu wa kuuangalia. Njia mojawapo inayokubalika haihitaji chombo cha gharama: mkaguzi mzoefu hupita usiku ndani ya gari, taa za kawaida zikiwa zimewashwa, akiorodhesha alama zisizotosheleza. Halmashauri yoyote yenye gari na dereva inaweza kufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Shule yenye kibao cha watoto kuvuka inaweza kufanya hivyo kwa tochi ya simu.

Mwenye kibao kidogo anaweza kujilinda tangu siku ya kuagiza. Aulize jina na daraja la vinili, na aombe kuona maandishi yaliyo mgongoni mwa rola. Aulize kama ni ya kusukumwa au ya kumiminwa. Aeleze kibao kitatazama wapi na kitakaa umbali gani kutoka baharini. Achague herufi nene. Kisha asikipokee mchana; akipokee jioni, amulike.

Katika nchi nyingi, mafundi wa alama za barabarani wana desturi moja isiyo na gharama. Nyuma ya kila kibao, pale dereva asipopaona, hubandika kistika kidogo chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa na daraja la karatasi iliyotumika. Miaka saba baadaye, mtu atakayekuja na ndoo, kitambaa na tochi atazunguka nyuma ya nguzo kwanza, asome tarehe, kisha arudi mbele hatua 30 na kuinua mwanga karibu na sikio lake.